Shajara ya mradi: milio mitatu chini ya 4x4 ya zamani

Gari: 4x4 ya zamani, ekseli ngumu mbele na nyuma, springi za bapa, giaboksi ya gia tano, transfa (kasha la kugawa nguvu kati ya ekseli mbili) ya 2H (tairi mbili zinaendesha), 4H (zote nne) na 4L (zote nne, gia nzito), isiyo na difu ya kati (difu ni gia zinazoruhusu pande mbili kuzunguka kwa kasi tofauti). Habu za mbele (vitovu vya tairi) zinafungwa na kufunguliwa kwa mkono. Breki ya mkono ni ngoma iliyofungwa mgongoni mwa transfa. Hafushafti za nyuma (shafti za kutoka difu hadi tairi) zinachomoka bila kugusa beringi za tairi, kwa sababu uzito wa gari unabebwa na habu yenyewe.

Kazi iliyoletwa: "transfa inalia, ifunguliwe."

Siku ya 1, odometa 318,240

Transfa haijafunguliwa. Sauti ikisikika kwenye goti la dereva haimaanishi kuwa imezaliwa hapo. Propela, shafti inayounganisha transfa na difu, ni bomba tupu la chuma, hubeba mtetemo wa difu hadi mbele ya gari, na transfa iliyobanwa chini ya sakafu hugeuza mtetemo huo kuwa sauti. Ndiyo maana transfa nyingi nzima hufunguliwa bure.

Kitu cha kwanza kilichofanyika ni kuandika sauti yenyewe bila kutaja kifaa chochote. Baada ya kilomita 40 karatasi ina milio mitatu, si mmoja:

Wa kwanza ni "chwi-chwi-chwi" kama kifaranga, kuanzia mwendo wa kutembea hadi 20 km/h hivi. Unaongeza kasi gari likiongeza kasi, na juu ya hapo unamezwa na sauti nyingine. Gari likiwa baridi ni mkali zaidi.

Wa pili ni "kong" moja nzito wakati wa kutoka rivasi kuingia gia ya kwanza, na pia ukiachia mafuta kisha ukakanyaga tena ukiwa kwenye gia ya pili.

Wa tatu ndio ulioleta gari hapa: mvumo unaofanana na mluzi mzito. Ukikanyaga mafuta, kimya. Ukiachia mafuta ukiwa 85 km/h unaanza, unafika kilele karibu na 76, unafifia chini ya 60.

Oili zimekaguliwa zote nne: giaboksi, transfa, difu ya mbele, difu ya nyuma. Fungua nati ya kujazia kwanza, ndipo ya kumwagia. Ukimwaga halafu nati ya kujazia ikakataa kufunguka, umebaki na gari lisilotembea. Difu ya nyuma imekutwa pungufu, usawa wa oili uko milimita 15 chini ya tundu. Imejazwa mpaka mdomo wa tundu na gari limetoka tena barabarani. Mlio uleule.

Mambo mawili yameandikwa pembeni bila kuguswa. Pua ya difu ya nyuma ina vumbi lililoshikana na oili, lakini sili ya pinioni (gia ndogo inayoingiza nguvu ndani ya difu) inaonekana mpya. Kipumulio cha ekseli ya nyuma hakipitishi hewa hata ukikipuliza kwa nguvu.

Siku ya 2

Majaribio ya barabarani, hakuna spana iliyoshikwa. Kila jaribio linabadilisha kitu kimoja tu.

Tairi kwanza, kwa kuwa hizi ni za kashata (vipande vya mpira vinavyokanyaga barabara) kubwa na tairi za namna hiyo huvuma. Mvumo wa tairi hubadilika ukitoka kwenye lami laini kuingia kwenye lami ya kokoto, na haujali mguu uko kwenye mafuta au la. Huu unajali mguu. Tairi hazijaondolewa kabisa kwenye orodha, sababu inakuja siku ya 3.

Beringi za tairi: mahali papana pasipo na magari, 60 km/h, gari linayumbishwa taratibu kulia na kushoto. Kona ya kulia hukandamiza upande wa kushoto, na beringi mbovu hupandisha sauti ikikandamizwa. Hakuna badiliko.

Ekseli ya mbele: habu zikiwa huru na lever ikiwa 2H, propela ya mbele imesimama kabisa. Habu zikifungwa na lever ikibaki 2H, tairi zinazungusha hafushafti, difu na propela yote ya mbele. Mvumo ni uleule katika hali zote mbili. Ekseli ya mbele imefutwa kwa kushuka na kuzungusha habu mbili, dakika tatu za kazi. Mwenye gari la aina hii asiyefanya jaribio hili anajinyima kipimo rahisi kuliko vyote.

Giaboksi: mvumo umesikilizwa kwa 76 km/h kwenye gia ya tano, kisha kwa kasi ileile kwenye gia ya nne. Mizunguko ya injini imebadilika, sauti ya mvumo haikupanda wala kushuka. Katika giaboksi nyingi za aina hii gia ya nne ni ya moja kwa moja, nguvu haipiti kwenye shafti ya chini. Kama meno ya gia ya tano yangekuwa chanzo, mvumo ungepotea kwenye ya nne.

Mwisho, nyutro. Gari limefikishwa 85, klachi, nyutro, liserereke. Injini imeachana na magurudumu, lakini shafti ya kutokea ya giaboksi, transfa, propela na difu vyote vinaendelea kuzunguka kwa kasi ileile. Mvumo umepungua sana, haukuisha. Kwa hiyo chanzo kinazunguka kwa kasi ya barabara, na kinalia zaidi tairi zinapoisukuma injini.

Mvumo wa difu unaotokea ukikanyaga mafuta na ule unaotokea ukiachia haulingani. Ukikanyaga, umbo la meno huisukuma pinioni mbali na krauni (gia kubwa inayozungushwa na pinioni), ikaegemea beringi kubwa ya ndani. Ukiachia, msukumo unageuka na pinioni huvutwa kuelekea krauni. Kama nati ya pinioni imelegea au beringi ya nje imechoka, ukikanyaga pinioni hukaa mahali pake na kunyamaza. Ukiachia, inasogea, meno yanakutana mahali yasipopaswa, na kelele inaanza. Karatasi ya siku ya 1 inaelezea jambo hilo hasa. Lakini dalili peke yake haitoshi kufungua difu.

Siku ya 3: kuhesabu

Leo ni siku ya chaki, futi ya kupimia na simu.

Mzunguko wa tairi: alama ya chaki kwenye tairi na nyingine sakafuni, dereva amekaa kwenye kiti, gari likasukumwa tairi lizunguke mara tatu. Umbali ni mita 7.35, yaani mita 2.45 kwa mzunguko mmoja. Usitumie kipenyo kilichokokotolewa kutoka kwenye namba za ubavuni mwa tairi. Tairi lililobeba gari limebonyea.

Uwiano wa difu: tairi moja la nyuma limeinuliwa, jingine liko chini na kabari mbele na nyuma, transfa iko nyutro, breki ya mkono imeachiwa. Difu ikiwa ya kawaida, upande mmoja ukishikiliwa, tairi lililo juu huzunguka mara mbili kwa kila mzunguko mmoja wa krauni. Kwa hiyo tairi linazungushwa mara mbili kamili na mizunguko ya propela inahesabiwa: minne na kidogo. Uwiano ni 4.1 hivi. Anayesahau ile "mara mbili" hupata 2.05 na kudhani difu imebadilishwa.

Sasa hesabu. 80 km/h ni mita 22.2 kwa sekunde. Gawanya kwa 2.45, tairi linazunguka mara 9.07 kwa sekunde. Propela inazunguka mara 37.3. Kros ya propela (kiungo cha msalaba kinachoiruhusu ikunjike) hutetemesha mara mbili kwa kila mzunguko, yaani karibu 75 Hz, hiyo ni ngurumo ya chini inayosikika kwenye kiti kabla ya sikio. Meno ya krauni na pinioni hugongana mara nyingi zaidi: idadi ya meno ya krauni mara mizunguko ya tairi. Uwiano wa 4.11 ni meno 37 kwa 9. Uwiano wa 4.10 ni 41 kwa 10. Kwa mkono huwezi kuzitofautisha, kwa sauti unaweza: 37 × 9.07 ni 336 Hz, na 41 × 9.07 ni 372 Hz.

Simu yenye programu inayochora sauti kwa Hz imewekwa kwenye sakafu, madirisha yamefungwa, kasi imesomwa kutoka GPS kwa sababu spidomita ya gari la zamani husema uongo wa kilomita kadhaa. Kwa 80 km/h kilele kimoja kirefu kiko 336. Kwa 70 kimeshuka hadi 294. Kwa 60 kiko 252. Kinafuata kasi ya barabara bila kukosea, na kando yake kuna vilele vidogo vilivyo umbali wa 37 Hz kila upande kwenye kasi ya 80. Kilele kikubwa ni cha meno 37. Vile vidogo vinasema kugongana kwa meno kunapanda na kushuka mara moja kwa kila mzunguko wa pinioni.

Hapa ndipo tairi zinarudi kwenye orodha. Kashata za safu ya pembeni zimehesabiwa: 38. Kwa 80 km/h hizo zinatoa 345 Hz, tofauti na meno ya difu ni chini ya asilimia 3. Mtu akiendesha kwa 82 akidhani ni 80, anaweza kuilaumu difu kwa kosa la tairi, au kinyume chake. Kwa hiyo kasi imeshikiliwa kwa sekunde 10 kila mara kabla ya kusoma, na kipimo kimerudiwa. 336, si 345. Zaidi ya hayo tairi haliwezi kujua kama mguu uko kwenye mafuta.

Transfa? Ina idadi yake ya meno na ingetoa namba nyingine. Hata hivyo gari halikupewa hukumu kwa namba pekee.

Kuhusu kuinua gari zima kwenye stendi na kuliwasha gia ikiwa ndani: halikufanyika, na kwa mlio huu halifai. Ekseli inaning'inia, pembe za propela zinabadilika, difu haina mzigo, na tatizo la kuachia mafuta halijitokezi. Hatari ipo, faida hakuna.

Siku ya 4: kuendesha kwa tairi za mbele

Gari la 4x4 lisilo na difu ya kati lina jaribio ambalo magari mengine hayana. Toa propela ya nyuma, funga habu za mbele, weka 4H, endesha. Transfa inafanya kazi yake yote, inabeba mzigo, inasukumwa na kuvutwa kama kawaida. Difu ya nyuma inazungushwa na tairi zake lakini haibebi kitu.

Tahadhari mbili. Breki ya mkono ya gari hili inashika shafti ya transfa, si tairi. Propela ya nyuma ikitoka, tairi za nyuma haziko chini ya breki hiyo tena, na gari linaweza kutembea lenyewe likiwa "limefungwa" breki. Kabari kwenye tairi, pande zote, kabla ya bolti ya kwanza. Pili, hili ni kwa propela yenye flanji (sahani ya kufungia bolti) pande zote mbili. Propela inayochomeka moja kwa moja ndani ya transfa ikichomolewa, oili inamwagika.

Flanji zimewekwa alama ya rangi, na yoki (uma zinazoshika kros) mbili za kiungo cha kuteleza, kinachoiruhusu propela irefuke na kufupika, zimewekwa mstari mmoja wa rangi unaopita kwenye maungio. Bolti nne za spana 14 mbele, nne nyuma, propela imefungwa kamba kabla ya bolti ya mwisho ili isidondoke.

Matokeo: 85 km/h, achia mafuta. Kimya. Mara tatu, kwenda na kurudi. Transfa iko huru na tuhuma. Na lile "chwi-chwi" la asubuhi nalo halipo, kwa hiyo lilikuwa ndani ya propela.

Siku ya 5: propela mezani

Kros ya nyuma inageuka laini. Ya mbele, ile iliyo karibu na transfa, ikikunjwa kwa vidole inakwama katikati, kama mlango wenye kitasa cha mpira unaojirudi mahali pake. Hiyo ni alama ya sindano (rola nyembamba za beringi) zilizochimba mitaro kwenye mikono ya kros. Sirklipu nne (pete za kuzuia vikombe) zimetolewa, kros imebanwa kwenye jiliwa kwa soketi mbili, ndogo ya kusukuma na kubwa ya kupokea kikombe. Ndani ya kikombe kimoja hakuna grisi kabisa, kuna unga mwekundu. Unga huo ni kutu ya chuma kinachosuguana kikavu, na ndio uliokuwa ukilia "chwi-chwi". Vikombe vitatu vingine vina grisi. Nipoli ya kros hii imekuwa ikipigwa grisi, lakini njia ya kwenda kwenye mkono mmoja imeziba.

Ndiyo maana kupiga grisi hadi "ionekane" hakutoshi. Itoke kwenye sili zote nne. Ikitoka tatu, propela ishushwe.

Wakati wa kuingiza kros mpya kosa la kawaida ni sindano moja kulala chini ya kikombe. Kikombe kinakataa kuingia milimita 2 au 3 za mwisho, fundi anaongeza nguvu kwenye jiliwa, sindano inavunjika. Kikigoma, kitolewe kiangaliwe. Sirklipu zimechaguliwa kwa unene ili kros isicheze pembeni, kisha yoki zikagongwa kidogo kwa nyundo ya shaba ili vikombe vikae. Inageuka kwa ugumu ule ule pande zote.

Kiungo cha kuteleza: splaini (mifereji ya shafti inayoteleza) kavu, zina kutu nyepesi, hazijaliwa. Zimesafishwa, zikapakwa grisi, na kurudishwa kwenye mstari wa rangi. Yoki mbili za propela hii zinapaswa kukaa katika usawa mmoja. Splaini zikirudishwa vibaya, kutetema kwa kros moja hakufutwi na kwa nyingine, na gari linapata ngurumo mpya ambayo halikuwa nayo. Yapo magari ambayo propela ya mbele ilitengenezwa yoki zake zipishane kwa makusudi, kwa hiyo alama ya rangi ni bora kuliko kanuni. Grisi ya kiungo hiki inasukumwa mpaka propela inaanza kurefuka yenyewe, hapo simama. Ikijaa kupita kiasi haina pa kukimbilia, na kila ekseli inapopanda propela inasukuma beringi za transfa na za pinioni.

Propela imefungwa, gari limetoka. "Chwi-chwi" limekwisha. "Kong" imepungua kidogo. Mvumo uko palepale, 336 Hz. Sasa milio miwili imeshatenganishwa kwa vitendo.

Siku ya 6: pua ya difu

Propela imefunguliwa upande wa nyuma tena. Dayo geji (saa ya kupimia mchezo mdogo) imewekwa kwenye uso wa flanji ya pinioni, flanji ikavutwa na kusukumwa kwa mikono: 0.08 mm. Inapaswa kuwa sifuri. Beringi za pinioni ni za rola za mshazari zinazokaa zikiwa zimebanana, hata nywele haipaswi kupita.

Nati ya pinioni ina mdomo mwembamba ambao hugongwa kwa panchi uingie kwenye mfereji wa shafti, isijifungue. Mdomo wa nati hii haujagongwa. Hapo sili mpya, kipumulio kilichoziba na oili pungufu vikaungana kuwa jambo moja. Kipumulio kiliziba kwa tope. Difu ikipata moto hewa ndani inapanuka, haina pa kutokea, inasukuma oili kupita sili ya pinioni. Sili ikabadilishwa. Ili kuibadilisha lazima nati ifunguliwe, na nati ikarudishwa kwa kukisia mkono.

Nati hii haikazwi kwa kukisia. Kati ya beringi mbili za pinioni kuna bushi nyembamba inayobonyea kwa makusudi. Nati inaibonyeza mpaka beringi zinabanana kwa kiasi kinachotakiwa. Bushi iliyokwisha kubonyea hairudi. Ukiifungua na kuirudisha pungufu, beringi zinacheza. Ukiikaza kupita kiasi, beringi zinapata moto na kufa mapema, na kulegeza nati hakurekebishi, bushi mpya inahitajika. Difu zenye bushi ngumu na shimu (pete nyembamba za kurekebishia) hazina shida hii.

Flanji, sili na beringi ya nje vimetolewa difu ikiwa bado kwenye gari. Rola za beringi ya nje zina madoa ya kijivu, na kombe lake (pete ya nje ambamo rola huzunguka) lina eneo lililomenyeka ukubwa wa punje ya mchele. Bushi peke yake haitatosha. Kombe haliwezi kugongwa litoke wakati pinioni bado iko ndani. Difu inashuka.

Oili imemwagwa kupitia kitambaa cheupe. Kwenye sumaku kuna uji laini wa kijivu, huo ni wa kawaida, na vipande bapa vinavyong'aa, hivyo ni ngozi ya beringi. Hakuna vipande vyenye kona kali, kwa hiyo hakuna jino lililovunjika.

Siku ya 7 na ya 8: difu mezani

Hafushafti zimechomolewa, nati za kuzunguka difu zimefunguliwa. Difu ya ukubwa huu ni nzito na ina umbo baya la kushika. Jeki chini yake, watu wawili.

Kabla ya kufungua chochote: nafasi kati ya meno ya krauni na pinioni 0.18 mm, imepimwa sehemu nne, tofauti 0.02. Kwa difu nyingi za ukubwa huu kipimo ni kati ya 0.13 na 0.20, na kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho. Meno upande wa kusukuma ni safi. Upande wa kuachia yana mng'aro kwenye ukanda mwembamba karibu na mwisho wa jino ulio upande wa ndani. Kutoka hapo mvumo ulitoka.

Kofia za beringi za krauni zimewekwa nukta ya panchi, moja upande wa kushoto, mbili kulia. Hazibadilishani, kwa sababu zilichongwa zikiwa zimefungwa mahali pake. Nati za kurekebishia pande nazo zimewekwa alama.

Beringi mbili mpya za pinioni, bushi mpya, nati mpya, sili mpya. Beringi ya ndani ya zamani ilikuwa nzuri kwa macho, lakini ilifanya kazi ikicheza, haikuaminiwa. Unene wa shimu na beringi ya ndani kwa pamoja ndio unaoweka kina cha pinioni, kwa hiyo beringi zote mbili zimepimwa kwa maikromita. Mpya ni nene kwa 0.01 mm. Shimu ya zamani imerudishwa, na alama ya meno itaamua.

Rangi ya njano imepakwa kwenye meno sita ya krauni, pinioni ikazungushwa huku krauni ikizuiwa kwa kipande cha mti. Alama ya upande wa kusukuma imekaa katikati ya urefu na katikati ya kimo. Upande wa kuachia imeelekea kidogo ndani. Inakubalika. Kama alama ya upande wa kusukuma ingekuwa chini kwenye shina la jino, pinioni ingekuwa imeingia mno, shimu nyembamba ingehitajika. Juu kwenye ncha, shimu nene.

Kuhusu "kong". Wengi hulaumu nafasi ya krauni na pinioni na kuikaza. Hesabu inawakana: 0.18 mm kwenye jino ni chini ya nusu ya digrii ikipimwa kwenye flanji. Flanji ya difu hii ilikuwa inacheza digrii 9. Zilizobaki zinatoka kwenye gia ndogo za ndani ya kikapu cha difu na splaini za hafushafti, na kila digrii moja ya huko inaonekana kama zaidi ya nne kwenye pinioni. Washa za gia hizo zilikuwa zimeliwa. Zimewekwa mpya. Kukaza krauni ili kuua "kong" hakuiondoi, kunazalisha mvumo.

Siku ya 9: kubana pinioni

Kipimo cha kubana beringi mpya kwa difu hii kinalengwa 2.0 Nm, beringi zilizotumika huhitaji karibu nusu yake. Huo ni uzito wa kuizungusha pinioni, si wa kukaza nati. Kifaa: uzi umezungushwa kwenye flanji yenye nusu kipenyo cha 50 mm, mizani ya springi imefungwa mwishoni, ukavutwa polepole. Kilo 4 kwenye mizani ni takriban niutoni 39, mara mita 0.05, ni 1.96 Nm. Unasomwa uzito wakati flanji inazunguka, si ule wa kuishtua ianze.

Flanji imefungwa kwenye pao la mita moja ili isizunguke. Bushi inahitaji nguvu kubwa kuanza kubonyea, mamia ya Nm, kisha inakwenda haraka. Tangu mchezo wa flanji ulipoisha, nati imesogezwa digrii 5 kwa mara moja na kupimwa kila mara: 0.6, 1.1, 1.5, 1.9. Hapo imeachwa. Kulifuata lile 0.1 lililobaki ni kuhatarisha bushi. Mdomo wa nati umegongwa kwenye mfereji.

Krauni imerudi, nafasi ya meno 0.17, kofia zimekazwa kwa toki (nguvu ya kukaza) ya kitabu. Uzito wa kuzungusha vyote kwa pamoja 2.4 Nm, nyongeza ya 0.5 ni beringi za krauni. Difu imepanda, gasketi mpya, oili 80W-90 ya GL-5 hadi mdomo wa tundu. Oili hiyo haiwekwi kwenye giaboksi hii, ambayo ina pete za shaba na inataka GL-4.

Kipumulio kipya kimeunganishwa na mpira mrefu uliopandishwa juu ya fremu. Bila hilo sili mpya ingevuja tena.

Siku ya 10, odometa 318,402

Kilomita 20 kwa mwendo wa chini ya 70, kisha kusimama na kupima joto: pua ya pinioni nyuzi 61, kasha la ekseli 47. Pua ingezidi 100 kwa mwendo huo mwepesi, difu ingerudi mezani. Imeachwa ipoe kabisa, ikaendeshwa tena.

Mvumo wa 336 Hz ukiachia mafuta: kutoka ndani ya gari hausikiki madirisha yakiwa wazi. Yakifungwa, kuna sauti nyembamba kati ya 72 na 76. Kwenye simu kilele bado kipo, kifupi, na vile vidogo vya pembeni vimetoweka. Ni meno yaliyong'arishwa upande mmoja. Beringi mpya hazirudishi chuma kilicholiwa. Seti mpya ya krauni na pinioni ingeondoa mabaki hayo, lakini meno hayana ufa wala kumenyeka, kwa hiyo haijapendekezwa.

Flanji sasa inacheza digrii 5. "Kong" imekuwa "tok" ndogo wakati wa kutoka rivasi tu.

Odometa 318,950

Oili ya difu imemwagwa mapema. Uji laini kwenye sumaku, hakuna kipande kinachong'aa. Kuvuta trela kumeruhusiwa kuanzia leo.

Odometa 319,430

Mchezo wa flanji ya pinioni kwa dayo geji: 0.00. Mdomo wa nati haujasogea. Pua ya difu kavu. Kros zote zimepigwa grisi, imetoka sili nne kati ya nne, mbele na nyuma. Sauti ya 72 hadi 76 haijaongezeka. Kazi imefungwa.